Begi jepesi la kuwindia linalobeba bunduki mikono ikiwa huru: anza na bunduki, begi lifuate

Swali: Nawinda kwa miguu, kuanzia alfajiri hadi jioni, kwenye vilima vyenye miamba na vichaka. Bunduki yangu ni ya kuvuta komeo kwa mkono, ina darubini, uzito wake kilo 3.6 na urefu sentimita 112. Mkanda wa bunduki unateleza begani kila nikiinama, na mikono naihitaji kwa fimbo na kwa kushikia mawe. Nataka begi jepesi la siku moja litakaloibeba bunduki bila mimi kuishika. Nimeona la gramu 600 na jingine la karibu kilo 2. Nichukue lipi? Urefu wangu ni sentimita 172, natumia mkono wa kulia.

Jibu: Usianze na gramu za begi. Amua kwanza bunduki itakaa wapi mwilini mwako, kisha tafuta begi linaloweza kuishikilia hapo bila kupinda. Bunduki ya kilo 3.6 huenda ndiyo kitu kizito kuliko vyote utakavyobeba siku hiyo, tena ni ndefu, ngumu na haikunjiki. Begi lisilotengenezwa kwa ajili yake huwa jepesi kwenye mizani tu.

Kwa hali uliyoieleza, ningechukua begi la lita 25 hadi 30 lenye fremu, uzito wake kati ya kilo 1.2 na 1.8, pamoja na kikombe cha kushikilia kitako (mwisho wa bunduki unaokaa begani unapolenga) kinachoning'inia kwenye mkanda wa kiuno upande wa kulia na mkanda mfupi unaofunguka kwa mkono mmoja karibu na bega. Begi hilohilo liwe pia na mfuko imara wa ubavuni na mikanda miwili ya kubana, ili kwenye mwendo mrefu, kabla hujafika eneo la kuwindia, uweze kuihamishia bunduki huko. Lile la gramu 600 liache.

Kwa nini fremu

Begi la gramu 600 kwa kawaida ni mfuko wenye mikanda. Mgongoni lina kipande cha sponji au halina kitu, na mkanda wake wa kiuno ni utepe wa kuzuia begi lisichezecheze. Ukitia nguo na chakula linatosha kabisa. Ukifunga bunduki ubavuni, uzito unavuta upande mmoja, kitambaa kinajikunja kati ya mkanda wa juu na wa chini, mdomo wa mtutu unaanza kulala kwa nje, na bega la upande huo linabaki peke yake na mzigo. Bila kujua utaanza kutembea umeegemea upande wa pili ili kujisawazisha. Maumivu huja kwenye misuli ya kiuno ya upande usio na bunduki, na wengi hawaelewi yametoka wapi.

Fremu ya begi la siku moja si kitu kikubwa: bamba la plastiki ngumu lenye unene wa milimita moja au mbili, likiwa na ufito mmoja au miwili ya alumini. Vyote pamoja huongeza gramu 300 hadi 500. Kwa gramu hizo unapata mambo mawili. Uzito unashuka hadi kwenye mifupa ya nyonga badala ya kuning'inia mabegani, na mikanda ya bunduki inapata kitu kigumu cha kushikilia. Hilo la pili ndilo watu wanalolisahau. Fremu ikiishia katikati ya mgongo, mkanda wa juu wa bunduki unakuwa umefungwa kwenye kitambaa kitupu, na bunduki itayumba kila hatua. Hakikisha fremu inafika usawa wa mabega au inapita kidogo.

Kulipima hilo ni rahisi. Shika begi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono wa pili, ulisokote kama unayekamua nguo. Likijisokota bila kuleta ubishi, haliwezi kubeba bunduki yako.

Bunduki ikae wapi

Njia inayopatikana kwenye mabegi mengi ni ubavuni: kitako kinaingia kwenye mfuko wa chini, mikanda ya kubana inaushika mwili wa bunduki juu yake. Ni rahisi, vifaa vyake havizidi gramu 200, na bunduki haikugongi magotini. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuichomoa bila kuvua begi. Mnyama akitokea mita 80 mbele yako, kile kitendo cha kushusha begi chini, na mwili wako wote ukijongea, ndicho kitakachomfukuza. Kwa hiyo ubavuni ni mahali pa kusafirishia, na kwa kazi hiyo panafaa sana.

Njia ya pili ni katikati, kwa nyuma: kikombe kinashuka chini ya begi na bunduki inasimama juu ya uti wa mgongo wa begi lenyewe. Haikuvuti kushoto wala kulia. Tatizo ni umbali. Begi lililojaa lina unene wa sentimita 20 au zaidi, kwa hiyo kilo 3.6 zinakaa mbali na mgongo na kukuvuta nyuma, hasa unapopanda. Zaidi ya hapo, kwenye mabegi mengi zipu kuu iko hukohuko nyuma, ikiwa na maana kwamba kila ukitaka koti la mvua lazima ufungue bunduki kwanza. Sipendekezi njia hii kwa begi dogo isipokuwa linafunguka kwa juu au kwa upande wa mgongo.

Ya tatu ni ala iliyoshonwa ndani ya begi au kati ya begi na mgongo, bunduki ikiingia mtutu chini na kitako kikitokeza nyuma ya kichwa. Hapa uzito unakaa pale mwili unapoupenda. Ukitaka kuona nguvu ya jambo hilo, tazama wanariadha wa biathlon, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha: bunduki zao kwa kanuni hazipungui kilo 3.5, yaani karibu sawa na yako, nao huzibeba mgongoni kwa mikanda miwili kwenye mbio zinazofika kilomita 20, mikono yote ikifanya kazi na fimbo za kuteleza kwenye theluji. Inawezekana kwa sababu bunduki inagusa mgongo na iko katikati. Si ajabu basi kwamba Glen Eberle, aliyeiwakilisha Marekani kwenye biathlon katika Olimpiki ya Sarajevo mwaka 1984, ndiye baadaye aliyeanzisha kampuni ya Eberlestock, ambayo mabegi yake yanajulikana kwa ala za namna hii. Lakini ala inaongeza uzito na inameza nafasi ya begi. Ncha yake ya chini inaweza kugonga jiwe ukikaa au ukishuka mteremko mkali. Na kuchomoa bunduki kwa kuinua mkono nyuma ya kichwa ni kazi ya mazoezi, hasa ikiwa na darubini yenye kioo kikubwa cha mbele kinachokwama kwenye ukingo wa ala.

Ya nne ndiyo ninayokupendekezea: kando ya mwili, chini ya kwapa. Kitako kinakaa kwenye kikombe kinachoning'inia kutoka mkanda wa kiuno, na mwili wa bunduki, mbele ya komeo, unashikwa na mkanda mfupi uliofungwa kwenye mkanda wa bega au kwenye ule mkanda mwembamba unaotoka juu ya bega kwenda kwenye fremu. Bunduki inasimama nyuma kidogo ya mkono wako. Kwa mtu wa mkono wa kulia aliyeiweka upande wa kulia, mkono wa kulia unashika shingo ya kitako, wa kushoto unavuka kifua na kufungua bizimu, kisha unainua moja kwa moja hadi kitako kitoke kwenye kikombe. Begi halivuliwi. Mwili haugeuki. Seti nzima ina uzito wa gramu 150 hadi 300 na inahamishika kutoka begi moja hadi jingine, kwa hiyo unaweza kuchagua begi kwa sifa zake nyingine.

Ubaya upo. Mkono wa kulia hauchezi kwa uhuru wote unapotembea haraka. Kwenye kupanda miamba kwa mikono na miguu, kikombe kinaweza kugonga paja. Ndiyo maana nimesisitiza mfuko wa ubavuni uwepo pia.

Kuna klipu ndogo zinazofungwa kwenye mkanda wa bega kuzuia mkanda wa bunduki usiteleze. Ni nyepesi sana na zinasaidia kwenye uwanda, lakini ukiinama bunduki inabembea mbele na lazima uishike. Kwa mahitaji yako hazitoshi.

Hesabu ya urefu, ambayo huharibu uchaguzi mwingi

Mtu wa sentimita 172 huwa na mifupa ya nyonga kiasi cha sentimita 103 kutoka chini. Toka hapo hadi utosini ni karibu sentimita 70. Bunduki yako ina 112. Kitako kikikaa usawa wa mkanda wa kiuno, mdomo wa mtutu utapita kichwa chako kwa sentimita 42, na utakwama kwenye kila tawi ambalo wewe mwenyewe umelikwepa kwa kuinama. Ukiwa na kizuia sauti mbele ya mtutu, ongeza sentimita 15 hadi 20.

Dawa ni kushusha kikombe. Ukikishusha sentimita 20 chini ya mkanda wa kiuno, mtutu unabaki juu ya kichwa kwa sentimita 22 tu, na ukiilaza bunduki kidogo kwa nyuma zinapungua tena. Mbona tusishushe 35? Kwa sababu ya kukaa. Ukikaa kwenye jiwe, kutoka mfupa wa nyonga hadi mahali unapokalia ni kama sentimita 20 hadi 25. Kikombe kikizidi hapo, kitagusa jiwe kabla yako, kitasukuma bunduki juu, mkanda wa begani utalegea, na bunduki itaanguka upande au itachomoka kwenye kikombe pale unaposimama. Kwa mwili wako na bunduki yako, sentimita 18 hadi 22 ndizo za kuanzia. Hakikisha kikombe kina ukanda wa kurekebisha urefu, maana vingine vimeshonwa kwa kipimo kimoja.

Kipime kikombe chenyewe pia. Vitako vingi vina urefu wa sentimita 12 hadi 14 na unene wa sentimita 4 hadi 5. Chukua rula uupime wako. Kikombe chenye kina cha chini ya sentimita 10 kitatupa bunduki ukiruka mfereji, na kinachozidi sentimita 18 kitakuchelewesha kuchomoa. Kitundu cha kutoa maji kiwepo chini, la sivyo mvua itajaa humo na mpira wa kitako utalala ndani ya maji kutwa. Ikiwa bunduki ina kishikizo cha chuma cha mkanda karibu na kitako, angalia kisinase kwenye ukingo wa kikombe. Hapo ndipo uchomoaji hukwama mara nyingi, na mtu huanza kuvuta kwa nguvu bila kujua kinachozuia. Ukishapata mfumo huu, mkanda wa bunduki uvue uweke begini.

Kusawazisha

Hesabu fupi inatosha. Bunduki ya kilo 3.6 ikikaa sentimita 20 kutoka uti wa mgongo, nguvu yake ya kukupindisha ni 3.6 mara 20, yaani 72. Chupa ya maji ya lita 2 upande wa pili, sentimita 18 kutoka uti wa mgongo, inarudisha 36. Ni nusu tu. Ongeza upande huohuo kitu cha kilo 1.5, mfano stendi ya miguu mitatu ya kuwekea darubini, nacho kinarudisha 27. Jumla inakuwa 63, na tofauti iliyobaki mwili hauisikii. Jambo la kukumbuka ni kwamba maji yanapungua kadiri unavyokunywa. Kufikia saa nane mchana upande wa kushoto umepoteza kilo moja na nusu. Hamishia huko chakula kilichobaki au koti ulilovua.

Vitu vizito vilivyo ndani ya begi vikae karibu na mgongo, kati ya mabega na kiuno. Nguo ziende nje na chini. Kwa begi la lita 25 hakuna nafasi ya kukosea sana, lakini ukiweka maji kwenye mfuko wa nje kabisa wa nyuma utasikia mabega yakivutwa.

Kuhusu kipimo cha mgongo: inamisha kichwa, tafuta kifundo cha mfupa kinachotokeza chini ya shingo, kisha pima toka hapo hadi mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa ya nyonga. Kwa urefu wako tarajia sentimita 43 hadi 46. Namba hiyo, wala si urefu wako wote, ndiyo inayochagua saizi ya begi. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, usibane tumbo. Ile mikanda myembamba ya juu ya bega ipande kuelekea fremu kwa nyuzi 30 hadi 45. Ikilala bapa, fremu ni fupi kwako.

Komeo, chemba na mdomo wa mtutu

Hapa naomba usome taratibu. Bunduki ikiwa imefungwa kwenye begi, chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi inayosubiri kufyatuliwa, iwe tupu. Wakati wote, hata kwa mwendo wa mita mia. Risasi zikae kwenye magazini kama sheria za mahali unapowindia zinaruhusu, na kama zinataka bunduki iwe tupu kabisa, iwe tupu kabisa. Sababu ni ya kimwili: huioni bunduki hiyo, na kizuizi cha kifyatulio kinaweza kusukumwa na mkanda, tawi au mfuko wa begi bila wewe kusikia. Tena, bunduki iliyosimama mtutu juu hailengi juu muda wote. Ukiinama kufunga kamba za viatu, mtutu unalala mbele na kumwelekea mtu aliye mbele yako. Mnapotembea wawili, mwambie mwenzako kabla hujainama, au piga goti mgongo ukiwa wima.

Kosa jingine ambalo si wengi wanalolitegemea ni komeo kufunguka. Mpini wa komeo unatokeza pembeni, na mkanda wa kubana ukipita chini yake, kila hatua unausukuma juu kidogo. Unafika mahali komeo limefunguka na majani yameingia ndani. Mbaya zaidi, kama limerudi nyuma hadi mwisho na magazini ina risasi, ukilisukuma mbele kulifunga umeingiza risasi kwenye chemba huku ukiamini bado ni tupu. Kwa hiyo kila ukiichomoa, na kila ukiirudisha, fungua komeo, tazama chemba, ingiza ncha ya kidole. Ukilifunga tena, bonyeza risasi ya juu ya magazini kwa kidole ili komeo lipite juu yake bila kuibeba.

Upande ambao mpini unaelekea unautawala wewe. Bunduki yenye mpini wa kulia ikikaa ubavu wa kulia wa begi, geuza darubini itazame nyuma na mpini utakuwa nje. Ikikaa ubavu wa kushoto, darubini itazame mbele. Mpini ukiwa nje haugandamizwi na begi, lakini unaweza kudaka matawi. Kipande cha mpira laini unaovutika, upana wa sentimita 2, kikizungushwa kwenye mpini na shingo ya kitako, kinamaliza tatizo hilo na kinatoka kwa kidole kimoja. Mpira huo uufunge usipite kabisa eneo la kifyatulio.

Mdomo wa mtutu ufunike kwa kipande cha utepe wa umeme. Mtutu juu unaokota mvua na vijiti, mtutu chini unaokota matope. Matope au theluji ndani ya mtutu yanaweza kuupasua risasi ikifyatuliwa. Utepe mwembamba hausababishi hatari hiyo, kwa kuwa hewa inayosukumwa mbele ya risasi huutoa. Weka kipande cha akiba kwenye kitako.

Darubini

Mkanda usipite juu ya darubini hata mara moja. Upite kwenye ubao au plastiki ya mbele ya mwili wa bunduki, chini ya mtutu. Pia kagua vile vifundo vya kurekebishia shabaha. Kama havina vifuniko, msuguano wa begi unaweza kuvizungusha. Kwenye darubini ambayo kila mlio mmoja wa kifundo (hatua moja ya kukizungusha) ni sentimita 1 kwa mita 100, kifundo kikizunguka milio 10, risasi itakwenda sentimita 30 pembeni kwa mita 300. Hiyo ni tofauti ya kumpiga mnyama moyoni na kumjeruhi akaenda kuteseka. Chora alama ya rangi nyeupe kwenye kifundo na kwenye mwili wa darubini, ziangaliane. Kabla ya kulenga, itupie jicho.

Kitambaa na kelele

Namba kama 500D inaonyesha unene wa uzi: mita 9,000 za uzi huo zina gramu 500. Kwa chini ya begi na pale bunduki inapogusa, usishuke chini ya 500D ya nailoni, kwa sababu chuma na kitako husugua sehemu moja kutwa. Pande nyingine 210D hadi 330D inatosha, na hapo ndipo uzito unapookolewa kwa busara. Vitambaa vilivyogandishwa tabaka juu ya tabaka havipitishi maji na ni vyepesi, lakini vinachakarika kama karatasi vinapoguswa na tawi. Vitambaa vyenye manyoya mafupi ni kimya kuliko vyote, ila vinanyonya maji, na begi lililolowa linaweza kuongezeka uzito kuliko zile gramu ulizokimbia. Kwa vichaka ningechukua nailoni ya kawaida ya 500D. Kelele yake ni ndogo na inakauka haraka.

Bizimu ya mkanda wa begani isikilize. Ifungue polepole huku umeibana kwa vidole viwili pembeni. Kama hata hivyo inalia "tak", itakuumbua. Velkro (utepe wa kubandika na kubandua) mahali pa kufungulia bunduki ni kosa la utengenezaji, usinunue.

Ijaribu kabla ya kulipa

Huna haja ya kwenda na bunduki dukani. Tafuta kipande cha mbao cha sentimita 112, ufunge chupa za maji hadi zifike kilo 3.6 pamoja na mbao, uzito mwingi ukiwa usawa wa sentimita 45 hadi 50 kutoka kitakoni, maana ndipo bunduki nyingi za aina hii zinapokuwa na kitovu cha uzito. Ndani ya begi tia kilo 6: maji, koti, chakula, kisu, mifuko ya nyama, dawa za huduma ya kwanza. Jumla na begi na bunduki utakuwa na kama kilo 11, na huo ndio mzigo halisi wa siku.

Panda na kushuka ngazi dakika kumi. Pita chini ya meza kwa magoti. Kaa kwenye kiti kifupi, simama. Inama hadi mgongo ulale bapa, uone kama mbao inateleza mbele ya uso wako. Ruka hatua ndogo mara tatu. Kisha fumba macho, ichomoe, irudishe. Kurudisha ndiko kunakofichua kikombe kibaya: kama mdomo wake unajikunja na lazima uushike kwa mkono wa pili, utachoka nacho siku ya kwanza. Mdomo mzuri una ukingo mgumu unaobaki wazi wenyewe.

Kama mbao inakugonga kisogoni kila unapotazama juu, sogeza mkanda wa begani kwa nje sentimita 3 hadi 5 kabla hujalikataa begi.

Mzigo wa kurudi

Ukifanikiwa, begi la lita 30 halitabeba mnyama mkubwa. Mengine yana nafasi kati ya mfuko na fremu, pale unapoweza kubana furushi la nyama iliyotolewa mifupa. Fremu nyepesi za aina hii nisingezipa zaidi ya kilo 20. Siku hiyo bunduki itoke kando ya mwili iende ubavuni, kwa sababu ukiwa umelemewa unahitaji mikono yote miwili, na hutapiga tena.

Vya kubeba kwa ajili ya begi lenyewe ni vitu viwili: bizimu ya akiba yenye upau uliopasuliwa, inayopachikwa bila kushona, ya upana uleule wa mikanda yako (kwa kawaida milimita 20 au 25), na kamba ya milimita 3 yenye urefu wa mita 2. Bizimu ya plastiki hupasuka ikikanyagwa au ikibanwa na mlango wa gari, na ikipasuka ile ya begani unarudi kuishika bunduki mkononi siku nzima.

Jioni toa bunduki kwenye kikombe au ala hata kama umechoka. Kitambaa chenye unyevu na jasho lenye chumvi vikilala na chuma usiku mmoja, kutu inaweza kuanza pale mkanda ulipobana. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na kikombe kining'inize mdomo chini kikauke.